Mafuta ya jua yasiyoharibu nguo nyeupe: ya kununua kaskazi hii

Malalamiko niliyopokea tangu kaskazi ianze kuvuma yanafanana mno kiasi kwamba nimeona nisiandike mwongozo wa kawaida. Muuguzi mmoja wa Temeke amenitumia picha ya kola ya gauni lake la kazi. Limefuliwa, limepigwa pasi, ni jeupe kabisa, ila pale kola inapogusana na shingo pana mstari wa rangi ya kutu, kama vile pini ya chuma ilisahaulika hapo ikalala na unyevu. Mama mwingine kanionyesha kanzu ya mumewe ya Ijumaa, ina mstari ule ule. Mwanakwaya wa Mbagala naye kaniambia wamebadilisha sabuni hadi wamechoka. Wote wanapaka mafuta ya jua, wote wanafulia maji ya kisima, na wote walipoona doa wakakimbilia jiki, likazidi kukolea.

Kwa hiyo mambo ambayo kila mtu ameshayaandika nitayapitia mbio. SPF, ile namba ya kinga iliyoandikwa kwenye chupa, chukua 30 kwenda juu. Ya 30 inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, na ya 50 kama asilimia 98, usikubali kulipa mara mbili kwa tofauti hiyo. Angalia pia kama kuna neno UVA ndani ya kiduara, au PA, kipimo cha Kijapani cha kinga ya UVA, yenye alama za kujumlisha tatu au nne. Weupe wa majivu ambao mengine huuacha usoni mnaujua. Jaribu kidogo kwenye taya kabla hujalipa. Basi, tuje kwenye kola.

Kinachofanya kazi hiyo mbaya ni kichujio kimoja, yaani kiambato cha kuzuia miale, kinachoitwa avobenzone. Ni kichujio kizuri kwa ngozi, kinazuia miale ya UVA ambayo ndiyo inayotupa madoa na kuzeesha ngozi mapema, na kiko katika idadi kubwa sana ya losheni za Ulaya na Marekani. Shida yake ni kwamba kikikutana na madini ya chuma kinashikamana nayo na kutoa rangi, kuanzia manjano hadi kahawia ya kutu. Ukipaka asubuhi, jasho linakishusha shingoni, kola inakinyonya, na wewe huoni kitu kwa sababu hapo hakina rangi. Jioni unaloweka nguo, maji yana chuma, doa linazaliwa humo humo kwenye beseni. Ndiyo maana watu wanailaumu sabuni. Jiki yenye klorini nayo inazidisha, kwa sababu inakaza ile kutu badala ya kuing'oa.

Utajuaje maji yako yana chuma? Chota ndoo jioni, iache ilale. Asubuhi ukikuta utando wa rangi ya matofali chini ya ndoo au kuzunguka ukingo, unacho. Nyumba nyingi za Dar zinategemea visima, na watu wengi wanajali chumvi tu kwa sababu ndiyo wanayoionja.

Sasa, usidanganyike na jina. Kwenye lebo za Ulaya hutaona neno avobenzone. Wanaandika Butyl Methoxydibenzoylmethane. Liandike kwenye simu yako, au piga picha mstari huu, ukaende nao dukani. Mafuta yenye jina hilo na kola nyeupe na maji ya kisima havikai nyumba moja.

Nami sisemi mtu aache kupaka. Dar es Salaam jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Oktoba na mapema Machi, na miezi yote ya katikati, ambayo ndiyo joto letu, halisogei mbali. Shirika la Afya Duniani linashauri kujikinga kipimo cha ukali wa miale ya jua (UV index) kikifika 3, na 11 kwenda juu wanaita kali kupita kiasi. Adhuhuri ya anga safi hapa pwani inafika huko bila shida. Ngozi nyeusi ina kinga yake, ila haizuii madoa. Wenye madoa ya ujauzito mashavuni wanajua yanavyokolea kila Februari. Na aliyetumia mkorogo akaichubua ile kinga aliyozaliwa nayo, huyo asitoke nje bila kupaka, awe anavaa nyeupe au nyeusi.

Ninayoyaweka namba moja ni Bioré UV Aqua Rich Watery Essence ya Japani, SPF50+ PA++++. Nayapenda na nayasema wazi, sijalipwa na mtu. Hayana avobenzone, kazi ya kuzuia UVA inafanywa na vichujio vingine vipya zaidi. La pili, na kwa mtu wa pwani ni kubwa, ni wepesi wake. Yanatoka kama jeli ya maji maji, unayasambaza, yanakauka kabla hujamaliza kufunga vifungo vya shati. Kola inapokuja kulala shingoni haikuti ute wa kunyonya. Katika unyevu wa Januari, losheni nzito haikauki kabisa, inakaa juu ya ngozi ikisubiri nguo.

Kasoro zake nazisema pia. Yana spiriti, kwa hiyo yakishuka machoni na jasho yanawasha. Usipake kope la juu, ishia kwenye mfupa. Yana pia octinoxate, kwenye lebo ni Ethylhexyl Methoxycinnamate, kichujio ambacho Hawaii ilipiga marufuku kuuzwa tangu 2021 kwa ajili ya matumbawe. Ukienda kuzamia Mafia au Mnemba vaa fulana ya mikono mirefu ya kuogelea, mafuta haya yaache hotelini. Na hakikisha unachukua toleo la Japani. Kampuni hiyo ina matoleo ya nchi nyingine za Asia yenye mchanganyiko tofauti, na wauzaji wetu wanayaweka rafu moja kwa bei moja.

Namba mbili ni Beauty of Joseon Relief Sun ya Korea, ile ya mchele. Nayo haina avobenzone, haina spiriti ya kuwasha macho, haiachi weupe. Ingekuwa ya kwanza kama ningeishi Arusha, Iringa au Nairobi, ambako hewa ni kavu na ngozi inaomba mafuta. Hapa Dar saa sita mchana uso unang'aa na kitambaa kinaganda shingoni. Kwa dada zangu wanaovaa hijabu nyepesi, tofauti hii mtaihisi kidevuni ndani ya saa moja. Mpake kwenye baridi ya Julai mtashukuru. Asubuhi za kusi ndizo zake. Angalieni tu kwamba kampuni ya Kikorea ikitengenezea soko la Marekani inalazimika kutumia vichujio vilivyoruhusiwa huko, na orodha yao ilikaa miaka mingi bila kupanuka. Chupa aliyokuletea shangazi kutoka Houston inaweza kuwa na jina lile lile na avobenzone ndani. Soma nyuma.

Namba tatu ni kwa wenye madoa usoni tu: mafuta ya zinki yenye rangi ya ngozi. Rangi ile inatokana na oksaidi za chuma, na hizo zinasaidia kuzuia mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho, ambao nao unakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi na vichujio vya kawaida haviuzuii. Sitaji kampuni moja, kwa sababu cha maana hapa ni rangi ikubaliane na yako, na nyingi zinazofika kwetu zimetengenezwa kwa watu weupe kwa hiyo lazima ujaribu dukani. Zinaachia rangi kwenye kola, ndiyo, lakini ni rangi unayoiona siku hiyo hiyo na sabuni ya kipande inaitoa.

Nne naiweka La Roche-Posay Anthelios UVMune 400, na najua mtapiga kelele. Kwa kinga tupu ni bora kuliko zote nilizotaja, ina kichujio kinachofika kwenye miale mirefu ya UVA ambako nyingine zinakomea njiani. Lakini avobenzone imo. Kama unavaa sare ya rangi ya bluu iliyokolea, au unafulia maji ya bomba yasiyo na chuma, inunue leo uiweke namba moja. Kama wewe ni muuguzi, mwalimu wa madrasa au mpishi wa hoteli mwenye koti jeupe, bei ile ulipe halafu ulipe na nguo, hapana.

Neutrogena Ultra Sheer na Black Girl Sunscreen za Marekani zina avobenzone asilimia 3. Hiyo ya pili haiachi weupe hata kidogo kwenye ngozi nyeusi, sifa hiyo naipa kwa moyo wote, na kwa wikiendi ya gauni la maua ufukweni ni nzuri. Nivea Sun za mwili, za chupa kubwa, zinapatikana karibu kila duka la dawa, na kwa mikono na miguu zinafaa; nazo zisome nyuma, nyingi zina lile jina refu.

Za bei rahisi sina mengi. Chupa za elfu chache zenye SPF 90 au 100 zisizosema kampuni ilipo, ziache. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa nywele, hayazuii jua la hapa. Hela ikiwa haitoshi nunua mwavuli na kofia pana, vinakinga kuliko losheni ya kubahatisha na havichafui kola.

Ambaye doa limeshaingia, fanya hivi. Jiki weka mbali. Nguo ikiwa bado kavu, sugua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kola, kwa sababu kile kichujio kinapenda mafuta na maji peke yake hayakitoi. Suuza kwa maji ya bomba au ya mvua. Kisha kamua ndimu, changanya na chumvi, paka juu ya doa, acha robo saa, suuza tena, rudia mpaka lififie. Unapomaliza nawa mikono vizuri hadi viwiko: maji ya ndimu yakikauka ngozini ukatoka juani yanababua na kuacha alama nyeusi za wiki kadhaa. Na tangu leo, hiyo sabuni ya vyombo ipake kolani kila unapovua, kabla nguo haijagusa maji ya kisima.

Sasa niwageukie wauzaji, maana hasira nyingine si za mafuta. Ukiuliza bei, “njoo inbox.” Ukienda inbox unaulizwa uko wapi, na ukisema Masaki bei inapanda. Mafuta yale yale ya gramu 50 nimeyakuta maduka mawili ya Kariakoo, hatua chache kati yao, yakipishana karibu elfu ishirini, na hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini. Kibaya zaidi ni stika. Muuzaji anabandika stika ya duka lake, yenye maua na namba ya simu, juu ya orodha ya viambato hasa! Sehemu pekee ninayoihitaji ili nijue kama nguo yangu itapona ndiyo anayoifunika. Kwenye chupa za Japani orodha iko kwa Kijapani, kwa hiyo yeye ndiye angepaswa kunitafsiria, na badala yake ananiambia “hii ni orijino dada, kila mtu anachukua.” Bandua stika. Akikataa, toka.

Wapo pia wanaopima. Wanafungua chupa moja wanagawa kwenye vikopo vidogo, wanauza kwa elfu saba. Kikopo hakina tarehe, hakina viambato, na mafuta yameshapigwa hewa na vidole. Usinunue, hata kama muuzaji ni rafiki yako. Na zile zilizopangwa dirishani zikipigwa na jua kutwa nzima zikae hapo hapo. Joto linaua vichujio, hasa avobenzone ambayo yenyewe ni dhaifu kwenye mwanga ikiwa haikusaidiwa na kichujio kingine.

Bei ndiyo inayoniuma kuliko yote. Kiasi cha kupaka uso na shingo ni mistari miwili kwenye vidole viwili, zaidi kidogo ya gramu moja, na kinatakiwa kirudiwe kila saa mbili ukiwa juani. Ukipaka mara mbili tu kwa siku, chupa ya gramu 50 haimalizi wiki ya nne. Muuguzi yule wa Temeke hawezi kutoa arobaini elfu kila mwezi, kwa hiyo anapaka kidogo, na akipaka kidogo SPF 50 haibaki 50. Forodhani mafuta ya jua yako fungu moja na poda na vipodozi vya uso, yanahesabiwa kama urembo, katika nchi iliyo digrii sita kusini mwa ikweta.

Na si kwamba hatuwezi kutengeneza. Moshi, pale hospitali ya KCMC, wanatengeneza mafuta ya jua yaitwayo Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao jua ni saratani ya ngozi wakiwa vijana, na wanapewa bure. Hayo si ya kuuzwa. Ukiyakuta kwenye rafu ya duka lolote usiyanunue, na mwambie mwenye duka kwa nini. Lakini kama Moshi inaweza, basi kikitokea kiwanda cha kututengenezea sisi wengine mafuta ya bei ya mtu wa kawaida, mepesi, yasiyo na avobenzone, yaliyojaribiwa kwenye jasho la Dar na maji ya kisima cha Mbagala, nitakuwa wa kwanza kuyanunua, na nitayaweka juu ya Bioré.