Kipimo cha kondo na kitovu kwa mimba ya kupandikizwa: kliniki moja ya Kampala, mara mbili

Nimepimwa mara mbili, katika wiki ya 20 na ya 32, kwenye kliniki moja ya binafsi ya ultrasaundi hapa Kampala, ambayo siitaji jina kwa kuwa nina lawama juu yake na wenyewe hawapo hapa kujitetea. Mimba yangu ni ya kupandikizwa, yaani yai lilirutubishwa maabara, tena kwa kiinitete (mtoto katika hatua ya mwanzo kabisa) kilichokuwa kimegandishwa, na daktari wangu alinituma huko kwa jambo mahususi: kuangalia kondo la nyuma na mahali kinapojishikiza kitovu, ile kamba inayomuunganisha mtoto na kondo.

Tangu mtoto wa kwanza wa namna hii azaliwe Uganda mwaka 2004, wengi wetu tunazungumzia gharama na sindano, lakini kondo hatulizungumzii. Katika mimba za kawaida, kitovu kujishikiza kwenye utando badala ya kwenye kondo lenyewe hutokea takriban mara 1 katika 100. Katika mimba za kupandikizwa hali hiyo huonekana mara nyingi zaidi, na vivyo hivyo kondo kukaa chini karibu na mlango wa kizazi. Kiinitete cha siku tano huwa na chembe za ndani zitakazokuwa mtoto na tabaka la nje litakalokuwa kondo, na wapo wataalamu wanaodhani kwamba kikijishikiza kikiwa kimegeuka, kitovu huota mbali na mahali kondo linapostawi. Jambo hilo bado linajadiliwa. Hatari yake haijadiliwi: mishipa inayopita kwenye utando haina ule ute mzito unaoilinda ndani ya kitovu, na ikipita mbele ya mlango wa kizazi, hali inayoitwa vasa previa, chupa ikipasuka mtoto anaweza kupoteza damu yake kwa dakika chache. Ikijulikana mapema, upasuaji hupangwa kabla uchungu haujaanza.

Sasa huduma yenyewe. Mpimaji, dada wa Nebbi anayezungumza Kiswahili safi, alitumia zaidi ya nusu saa, na hapo ndipo pesa yangu ilipopata thamani yake. Alianza kwa kukionyesha kitovu kwenye picha kama kilichokatwa katikati, yakaonekana maduara matatu ya mishipa ya damu kama mafiga, moja kubwa na mawili madogo. "Mama, hili kubwa ni vena, haya madogo mawili ni ateri, wakati mwingine ateri huwa moja tu," akasema. Kisha akawasha rangi za Doppler, zinazoonyesha damu inavyokwenda, akakifuata kitovu taratibu, nyekundu na buluu zikijisokota, mpaka kilipozama kwenye kondo, sentimita moja tu kutoka ukingoni mwake. Mwishowe aliomba ruhusa ya kupima kwa njia ya uke, akapekua eneo la mlango wa kizazi kutafuta mishipa iliyopotea njia. Hakuiona. Ukingo wa kondo ulikuwa sentimita 1.5 kutoka mlangoni, na chini ya sentimita 2 huhesabiwa kuwa kondo liko chini.

Baada ya kazi nzuri kiasi hicho, ripoti iliyochapishwa mapokezi ilisema kondo liko upande wa mbele wa mfuko wa uzazi na kitovu ni cha kawaida, basi. Hapakuwa na neno juu ya kitovu kuingia karibu na ukingo wala juu ya sentimita 1.5. Mkunga wangu aliisoma akanipongeza. Niliporudi siku ya pili, karani alinitaka nilipe shilingi 50,000 za kutoa ripoti upya, kana kwamba kosa ni langu. Mpimaji alipotoka na kusikia, aliona haya, akaiandika mwenyewe, nami nikangoja saa mbili kwenye benchi. Kwa mama mwenye mimba kama yangu, mstari uliokosekana ni mkubwa kuliko picha zote za sura ya mtoto walizonipa bure.

Katika wiki ya 32 ukingo ulikuwa umefika sentimita 3.5. Alinieleza kwamba kondo halitembei. Ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayonyooka na kulipandisha. Hata hivyo hakuridhika, kwa sababu kondo linaweza kupanda likaacha mishipa nyuma, akawasha rangi tena na kupekua kama mara ya kwanza. Safari hii kila kipimo kiliandikwa.

Bei ni shilingi 150,000, hulipwa kabla ya kipimo. Zipo sehemu za bei ya chini zaidi, ila nilizowahi kwenda ziliniambia jinsia na tarehe ya kujifungua tu, nikatoka. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawaka upesi. Presha hawapimi, na sikuwategemea kwa hilo, ingawa baada ya kiinitete kilichogandishwa shinikizo la damu la ujauzito huhitaji kuangaliwa kwa makini. Hilo nafanya kwa mkunga wangu.

Kwa mpimaji natoa alama zote, kwa mapokezi nusu. Anayekwenda aombe kwa maneno haya: mahali kitovu kinapoingia, umbali wa ukingo wa kondo kutoka mlango wa kizazi, na idadi ya mishipa. Wiki ya 36 nitarudi kwao kupimwa ukuaji wa mtoto, na ripoti nitaisoma nikiwa bado nimesimama mbele ya karani.