Kofia ya jino ya muda imechomoka: simenti ya famasi au supagluu?

Kofia ya muda, yaani kifuniko kinachovikwa jino lililochongwa, hushikizwa kwa simenti dhaifu makusudi, ili daktari aitoe kwa urahisi ile ya kudumu ikiwa tayari. Basi ugali uliokauka au ubani ukiing'oa, wengi hukimbilia supagluu. Naelewa, inapatikana kila duka na inashika papo hapo. Tatizo ni hilohilo la kushika: ukiikalisha kofia upande, huna nafasi ya kurekebisha, na gundi yenyewe huchoma fizi. Daktari naye atahangaika kuitoa kofia, na jino lililochongwa laweza kuumia.

Simenti ya muda ya famasi huchelewa kidogo, na ucheleweshaji huo ndio faida. Kwangua mabaki ndani ya kofia kwa kijiti cha meno, suuza, ijaribu kavu kwanza. Meno yakikutana kama kawaida, paka kidogo, uma taratibu, futa kilichofurika. Itakushikilia siku chache tu.

Ukikosa simenti, heri dawa ya meno kidogo kuliko supagluu; lakini usilale na kofia iliyoshikizwa hivyo, usije ukaimeza. Mpigie daktari siku hiyohiyo, kwani meno ya jirani husogea.