Tabata wikiendi: angalia saa, usiangalie bango

Jumatatu hadi Ijumaa, Tabata, hapa Dar es Salaam, kwangu ni mahali pa kulala tu. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi daladala ya Posta, narudi giza limeshaingia, na nikila chochote njiani basi ni karanga za kuuziwa dirishani kwenye foleni pale Mwananchi. Ndiyo maana wikiendi sivuki Barabara ya Mandela hata kwa fimbo. Wenzangu wa ofisini huniita niende Masaki, eti kuna sehemu mpya ina upepo wa bahari. Nimeshakwenda mara mbili. Upepo upo, sikatai. Ila nauli ya Bolt ya kwenda peke yake ingeninunulia nusu kilo ya mbuzi huku kwetu na ndizi mbili juu.

Tulipohamia Kimanga, mimi na baba watoto, wazee wa mtaa walikuwa bado wanasimulia habari za dampo. Taka za jiji zilikuwa zinamwagwa Tabata na kuchomwa hapohapo, moshi na inzi mpaka ndani ya vyandarua, hadi wakazi walipokwenda Mahakama Kuu mwaka 1988, wakalishitaki jiji na wakashinda. Siku hizi moshi wa Jumamosi jioni ni wa mafuta ya mbuzi yanayodondokea mkaa, na huo sijasikia mtu akiupeleka mahakamani. Muziki unaoandamana nao ni kesi nyingine.

Nikuambie mapema: majina ya mabaa sitaji. Tabata hatuelekezani kwa mabango, bango linabadilishwa kila akibadilika mpangaji. Tunaelekezana kwa vituo: Relini, Bima, Barakuda, Kimanga, Segerea. Na kitu ambacho hakuna anayekuelekeza, nami nimekijua kwa kupoteza hela, ni saa. Chakula kilekile, jiko lilelile, ukiwahi au ukichelewa unakula kitu kingine kabisa.

Chukua supu. Mama mmoja upande wa Bima anaweka sufuria tatu nje ya fremu yake Jumamosi asubuhi: ya ng'ombe, ya makongoro na ya mtori. Kabla ya saa moja usiende, makongoro bado yanabishana na meno. Saa mbili hadi saa tatu ndiyo wakati wake. Mafuta yamepanda juu, yamefanya utando wa njano, anaupangua kwa upawa kabla ya kukuchotea, na kipande cha mguu kinaachia mfupa ukikigusa tu na kijiko. Unakamua ndimu, unaponda pilipili mbuzi moja ukingoni mwa bakuli (ukiiponda katikati umejimaliza), chapati unaikunja na kuichovya. Ikigonga saa nne anaanza kuongeza maji. Anaongeza waziwazi, hajifichi, na bei haishuki. Mara ya mwisho bakuli lilikuwa 4,000 na chapati 500, na mimi 4,000 yangu siitoi kwa maji ya saa nne.

Mtori sina neno nao, mimi ni Mbondei wa Muheza, nimekulia nazi. Lakini nimeolewa Rombo, na mume wangu akifika pale huanza kwanza kuufanyia usaili: ndizi zimepondwa au zimesagwa kwa mashine? Nyama imechemshwa nazo au imetupiwa baadaye? Yule mama alishamzoea. "Shemeji, wewe kula kwanza, mambo ya Kilimanjaro tutaongea ukishiba." Hula mabakuli mawili.

Mchana hakuna cha maana, niseme ukweli. Kuanzia saa sita hadi saa tisa Tabata inafua nguo na kusuka nywele. Kama uko saluni, agiza juisi ya miwa kwa kijana mwenye mashine, mwambie aupitishe muwa pamoja na tangawizi na ndimu, na usimame umtazame akiosha glasi. Asipoiosha mbele yako, beba kikombe chako kama mimi.

Saa kumi ndipo mji unapoamka.

Kwa nyama choma nimezunguka sana, na nimetulia mahali pamoja kati ya Barakuda na Segerea, bati juu, kokoto chini, viti vya plastiki ambavyo ukikaa vibaya mguu mmoja unakusaliti. Nimepapenda kwa sababu ya dirisha la nyama. Mbuzi ananing'inia, unamwona, unasema nataka mbavu na kipande cha paja, kijana anakata, anaweka kwenye mizani mbele ya macho yako. Kwingine unaagiza kilo mezani, inakuja imeshaiva, nani atajua ilikuwa kilo? Nyama ikikaa motoni inapungua, hilo tunalijua wote, lakini kuna inayopungua kabla ya kufika motoni.

Mchomaji mwenyewe ni mtu wa maneno machache sana. Ana jiko refu la chuma, na mkaa wake hauenei jiko zima: upande mmoja ni mwekundu, upande mwingine majivu. Nyama inaanzia upande wa majivu. Watu wenye njaa hawapendi kuliona hilo, wanamwambia "Kaka, mbona hujaiweka kwenye moto?" Hajibu. Anaigeuza, anainyunyizia maji ya chumvi kwa kopo lenye matundu kwenye kifuniko, anaiacha. Dakika za mwisho ndiyo anaivuta upande wa moto, na hapo inalia. Ngozi ya mafuta kwenye mbavu inatoa mapovu madogo, inakuwa kahawia, na kabla haijawa nyeusi ameshaitoa. Juu ya gogo, panga mara nane au tisa, chumvi kifungu kidogo pembeni, kachumbari, pilipili, ndizi choma. Kilo tulilipa 18,000 mwezi uliopita. Sisi wanne inatutosha kama wanangu wamekula mchana, na kama hawajala haitoshi, iwe kilo ngapi.

Fika saa kumi na nusu. Ukifika saa moja na kuna mechi ya Yanga au Simba, sahau. Utachomewa, ndiyo, lakini siku hiyo hakuna upande wa majivu, nyama zote zinatupwa kwenye moto mkali, nje mkaa, ndani damu. Yule yule mchomaji! Nilimuuliza siku moja mbona ya leo hivi. Akaniangalia, akawaangalia watu kama sitini waliokuwa wanagonga meza, akarudi kugeuza nyama. Nikaelewa.

Sasa nikupe mkasa wangu, na mahali sitapataja. Kuna bustani moja kubwa, majani yamekatwa vizuri, puto la kurukia watoto, bembea, wahudumu wana sare. Siku ya kuzaliwa ya mdogo wetu tukasema leo tujipendekeze. Tumekaa saa tisa, tumeagiza kuku wa kienyeji mzima na chipsi. Saa kumi hakuna kitu. Saa kumi na nusu mhudumu anasema "yuko njiani, mama." Nikamuuliza anatokea Singida? Alifika saa kumi na moja kasoro, na hakuwa wa kienyeji. Kuku wa kienyeji mfupa wake mgumu na ngozi imebana, yule mapaja yalikuwa yanachanika kama mkate. Nikasema tusigombane siku ya mtoto. Bili ikaja na bia mbili ambazo hatukunywa. Meza ilikuwa imeshafutwa, chupa zimeondolewa, ushahidi sina. Mimi, mhasibu, nimepigwa kwa bia mbili.

Tangu siku hiyo chupa tupu haziondoki mezani kwangu mpaka bili ilipwe. Mhudumu akija kuzichukua namwambia, "Dada, ziache zinipe kampani." Za soda pia.

Kwa wanaokula kitimoto, yaani nguruwe, upande wa Segerea umejaa, na kila mtu atakuapia kwamba wa kwake ndiye bingwa. Ninachoangalia ni viwili. Kwanza, jiko lake liwe peke yake, na karai lake, na kisu chake. Jirani yangu ni Muislamu, tunatoka naye na watoto wake, na sehemu isiyotenganisha majiko siendi naye wala bila yeye, maana mwenye nyumba asiyejali hilo hajali na mengine. Pili, agiza kavu, siyo rosti. Rosti ni nzuri lakini inaficha, nyanya na vitunguu vinasitiri nyama iliyolala. Kavu haina pa kujificha: mafuta yake yenyewe, chumvi, ndimu, basi. Nusu kilo na ndizi mnashiba wawili. Hapa saa haina ukali sana, isipokuwa Jumapili baada ya misa, ambapo foleni ni parokia nzima na kwaya yake.

Vinywaji. Utaulizwa "ya baridi au ya moto?" na usimcheke anayejibu ya moto, huyo mara nyingi ndiye anayejua bia. Mimi Kilimanjaro moja, baridi, nikimaliza nahamia maji. Bei za mitaa hii zinapishana kwa shilingi mia tano tu, hazina haja ya kukuhamisha meza. Kinachoweza kukuhamisha ni spika. Ukiona spika ndefu kuliko mlango, kaa mbali nayo, kuanzia saa mbili usiku mtakuwa mnaongea kwa ishara.

Mume wangu yeye ana mbege yake. Nilidhani kitu cha sherehe, kumbe kuna nyumba inayotengeneza kila wiki, na hapo ndipo nilipoona somo la saa kwa uwazi. Siku ya kwanza inakuwa tamu, uji wa ndizi na ulezi unaochekesha ulimi, hata mimi nakunywa kikombe. Siku ya pili ina uchungu wa magome ya msesewe na imechangamka. Jumapili jioni imekuwa kali, imegeuka, na wazee wanaoinywa hapo wanaanza kuzungumza Kirombo kwa sauti za mkutano wa kijiji. Nikimtuma mtoto kumwita baba yake, nampeleka kabla ya saa kumi na mbili.

Usiku wa Jumamosi kuna meza ya pweza karibu na Relini, taa ya betri, sinia la vipande, vijiti vya kuchomea, sufuria ndogo ya supu. Wateja wote ni wanaume na wote wana sababu ileile ambayo hawaisemi. Mimi nasimama katikati yao nakula mkia wa pweza kwa raha zangu kwa kuwa nimezaliwa mkoa wa bahari na napenda pweza, mwisho wa maelezo. Muuzaji huwa anamuuliza mume wangu, "Bosi, nikuongezee supu?" na kunikonyeza mimi. Pweza wake ni laini, kachemshwa vizuri, ila onja pilipili yake kwanza kwa ncha ya kijiti.

Jumapili usiku sipiki. Kijana wa chipsi yuko kona ya pili kutoka kwetu, kabati la kioo, jiko la mkaa, foleni ya watoto waliotumwa na ndala za mama zao. Kwake saa ni muhimu kuliko kwa wote: mafuta anabadilisha jioni anapofungua, saa kumi na mbili. Hadi saa mbili chipsi zinatoka za njano, kavu kwa nje. Saa tatu zimeshakuwa kahawia, na saa nne zina ladha ya kila kitu kilichopita mle tangu jioni, na mihogo na samaki pia. Zege lake, yaani chipsi mayai, analitengeneza vizuri, mayai mawili anayavunjia kwenye kikombe, chumvi, anamwaga pembeni ya kikaango siyo katikati, halafu anakizungusha mpaka yai lishikane na chipsi za chini, anafunika kwa sahani, anapindua. Halivunjiki. Kitu kibaya ni ile tomato yake nyekundu ya kwenye chupa, ni maji yenye rangi, ikataeni jamani, chukueni kachumbari.

Ukitaka kumjaribu: shuka kituo cha Kimanga, fuata barabara ya vumbi kushoto mpaka uone moshi, uwe na chenji, maana lipa namba yake inasumbua kila Jumapili. Mayai huwa yanamwishia saa tatu kasoro, na mimi hununua mazege manne.