Matone ya kulainisha nta ya sikio na kipira cha kuoshea: uzoefu wangu

Seti yenyewe ina vitu viwili tu: chupa ya mililita 15 ya kabamidi peroksidi ya asilimia 6.5, na kipira laini cha mpira kinachobeba takriban mililita 30 za maji. Matone nayapa nyota nne na nusu. Kipira nyota mbili. Karatasi ya maelekezo nyota moja, kwa sababu inasema utie matone mangapi lakini haisemi ni nini kinachowakwamisha watu. Na kinachowakwamisha karibu kila mara ni haraka. Mtu anatia matone jioni moja, anapiga maji papo hapo, nta haitikisiki, kisha anaandika kwamba dawa ni ya uongo. Katika kazi hii muda ndio dawa, chupa ni msaidizi.

Kwanza wale wasiopaswa kuifungua kabisa. Matone na maji ni kwa sikio ambalo kiwambo chake, yaani ngoma ya sikio, ni kizima. Kama kiwambo kimewahi kutoboka, kama umewekewa vijibomba vya kupitishia hewa, kama sikio limefanyiwa upasuaji, au sasa hivi linauma, linatoa usaha au damu, acha. Homa au kizunguzungu pia ni sababu ya kuacha. Mwenye sikio moja tu linalosikia asilifanyie majaribio hilo moja. Mwenye kisukari au kinga dhaifu naye aende akaoshwe na mhudumu wa afya, maana kwake mchubuko mdogo ndani ya mfereji unaweza kuzaa maambukizi yanayofika hadi mfupani. Kabamidi peroksidi imeandikiwa kuanzia umri wa miaka 12. Chini ya hapo ni mpaka daktari aseme.

Na kama sikio halijaziba, halina mlio wala uzito, usitoe kitu. Nta hutengenezwa katika theluthi ya nje ya mfereji, inashika vumbi, inazuia maji na vijidudu, kisha inasukumwa nje polepole pamoja na ngozi inayokua kuelekea mlangoni. Ukiikuta ndani kabisa karibu na kiwambo, mara nyingi kuna kitu kilichoisukuma huko: kijiti cha pamba, kizibo cha sikio au kifaa cha kusaidia usikivu.

Sasa matone. Kabamidi peroksidi ni urea iliyoshikana na haidrojeni peroksidi. Ikiingia sikioni peroksidi inaachia oksijeni, ndiyo yale mapovu na ule mchakacho kama soda iliyofunguliwa, na urea inalegeza seli za ngozi zilizokufa, ambazo ndizo sehemu kubwa ya nta yenyewe. Mchakacho usikutishe. Maumivu makali, ndiyo yakutishe: yakija, inua kichwa, acha dawa itoke, usirudie.

Shika chupa kiganjani dakika tano hivi mpaka ubaridi uishe. Usiitumbukize kwenye maji ya moto. Lala ubavu kabisa. Kuinamisha kichwa ukiwa umekaa hakutoshi, dawa inaishia njiani. Vuta sikio juu na nyuma, kwa sababu mfereji wa mtu mzima una kona na kuvuta huko kunaunyoosha. Dondosha matone 5 hadi 10 yakitiririka kwenye ukuta wa mfereji, si katikati ya tundu. Hili halimo kwenye karatasi na ndilo linaloharibu dozi nyingi: tone likiziba tundu katikati, hewa iliyo chini haina pa kutokea, dawa inaelea juu ya hewa na nta inabaki kavu. Kisha bonyeza na kuachia mara kadhaa kile kinundu kilicho mbele ya tundu. Utahisi dawa ikishuka. Ncha ya chupa isiguse ngozi.

Karatasi inasema ubaki hivyo dakika kadhaa. Mimi nakaa 10 hadi 15, na tofauti inaonekana. Baadaye kaa wima juu ya taulo, futa kinachotoka nje ya tundu na kuishia hapo. Kuna wanaoziba sikio kwa pamba kavu mara tu baada ya kutia. Pamba hiyo inanyonya dawa yote na sikio linabaki halina kitu.

Fanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa siku zisizozidi nne. Hata ukitia matone 10 katika kila sikio, mara mbili kwa siku kwa siku nne, hayo ni matone 160, na kwa kuwa matone 20 ni kama mililita moja, umetumia mililita 8. Chupa inatosha na kubaki, kwa hiyo usibane matone. Usizidishe siku pia: peroksidi ikizidi inakausha na kuwasha ngozi ya mfereji, na ngozi iliyowashwa inaanza kumenyuka vipande ambavyo navyo vinajiunga na nta.

Siku ya pili au ya tatu sikio linaweza kuziba kuliko mwanzo. Nta imenyonya maji ikavimba, hiyo ndiyo kazi inayoendelea. Ni hapo watu wanapokata tamaa na kushika kijiti cha pamba, na kijiti kikikutana na nta laini kinaishindilia kama udongo kwenye shimo. Vumilia siku moja zaidi.

Je, lazima iwe kabamidi peroksidi? Hapana, na hapa ndipo nilipoipunguzia nusu nyota. Mapitio ya mwaka 2018 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyolinganisha matone ya aina nyingi yaliona kwamba kutia matone kwa siku tano kunaweza kusaidia kuliko kutotia, lakini hayakupata ushahidi kwamba aina moja inaishinda nyingine, wala kwamba matone ya dukani yanayashinda maji au maji ya chumvi. Ubora wa haya ya kabamidi, kwa maoni yangu, ni kwamba yanashika muda mfupi na hayaachi mafuta kwenye mto.

Mafuta ya zeituni safi yaliyotengenezwa kwa matumizi ya kitabibu ni mapole zaidi kwa ngozi kavu: matone 2 hadi 3, mara 3 au 4 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5, na nta hutoka yenyewe vipande vipande, hasa usiku, katika wiki mbili hivi. Mafuta ya lozi ni hivyo hivyo, isipokuwa kwa mwenye mzio wa lozi au karanga. Matone ya sodiamu baikaboneti ya asilimia 5 yanavunja nta ngumu vizuri ila yanakausha. Asilimia 5 ni gramu 5 katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa yakapoa, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Iwe soda ya kuokea tupu. Si hamira, si magadi ya mawe, na kostiki soda isikaribie sikio hata kwa bahati mbaya. Haidrojeni peroksidi ya asilimia 3 inafaa ikichanganywa nusu kwa nusu na maji. Yenye nguvu zaidi ya hapo inaunguza.

Usichanganye aina mbili kwa wakati mmoja. Ukitia mafuta kwanza, dawa ya maji inateleza juu yake bila kuingia kwenye nta.

Kipira sasa. Nimekipa nyota mbili kwa sababu ncha yake ni ndefu kupita haja na haina kitu cha kuizuia isiende mbali, na kwa sababu nguvu ya maji inategemea kidole cha anayebonyeza. Kipira kizuri kina ncha yenye mwavuli mpana unaogota mlangoni mwa tundu na matundu ya pembeni, ili maji yasipigwe moja kwa moja mbele. Kabla ya kukitumia, jiulize kama unakihitaji. Mara nyingi baada ya siku nne za matone sikio limeshafunguka, na hapo kuosha ni kujitafutia balaa.

Likiwa bado limeziba, maji yawe ya nyuzi joto 37, yamechemshwa na kupoa. Ndani ya sikio kuna mirija ya kulinda mizani ya mwili yenye umajimaji; maji ya baridi au ya moto yanausukuma umajimaji huo, na ubongo unadhani kichwa kinazunguka. Ndiyo sababu watu huona chumba kikizunguka na kutapika katikati ya kuosha. Tumia kipimajoto. Usipokuwa nacho, maji yanayomwagwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono yasihisiwe moto wala baridi. Na ukae kwenye kiti. Usioshe umesimama kwenye sinki.

Weka taulo begani na bakuli chini ya sikio. Jaza kipira, kisha kamua hewa yote itoke mpaka maji yachuruzike, maana povu la hewa likipasuka sikioni linapiga kelele ya kushtua na mkono unaruka. Vuta sikio juu na nyuma. Ncha iishie mlangoni mwa tundu na isilizibe. Maji yanayoingia lazima yapate pa kutokea, la sivyo shinikizo lote linakwenda kwenye kiwambo. Elekeza ncha juu na nyuma, kwenye ukuta wa mfereji. Nta haisukumwi kutoka mbele: maji yanapita ubavuni mwake, yanazunguka nyuma yake, na ndiyo yanayoitoa. Ukilenga katikati unairudisha ndani.

Bonyeza taratibu. Vipira vitatu, pumzika, angalia bakuli. Wakati mwingine hutoka kipande kizima cha rangi ya kahawia, wakati mwingine maji ya rangi ya chai tu. Yote mawili ni mafanikio kama usikivu umerudi. Nikifika vipira vitano bila mabadiliko naacha, narudi kwenye matone ya mafuta kwa siku tatu, kisha najaribu mara moja ya mwisho. Isipotoka hapo, ni kazi ya mhudumu mwenye kifaa cha kufyonza na taa ya kuangalia ndani. Kuendelea kukamua kwa hasira ndiko kunakotoboa viwambo. Maumivu, damu au kizunguzungu kisichoisha maana yake ni kusimama hapo hapo.

Bomba la sindano la mililita 20, hata likiwa bila sindano, silipendekezi badala ya kipira. Tundu lake ni jembamba, maji yanatoka kwa kasi, na kidole gumba kina nguvu kuliko mtu anavyofikiri.

Ukimaliza, inamisha kichwa maji yatoke, futa nje kwa kitambaa. Kikausha nywele kwa moto wa chini kabisa, umbali wa kama sentimita 30, kinamalizia unyevu. Mfereji ukibaki na maji, ngozi inalainika, na mwasho na uvimbe hufuata baada ya siku moja au mbili.

Vifaa vingine vinavyouzwa pembeni mwa seti hizi nitavitaja kwa kifupi. Mishumaa ya masikio haifyonzi kitu. Yale masalia ya kahawia yanayoonyeshwa baadaye ni ya mshumaa wenyewe, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani imeonya kuhusu kuungua na kutoboka kwa kiwambo. Kijiko chenye kamera kinaonyesha picha nzuri na kumpa mtu ujasiri asiostahili, kwa kuwa picha haikuambii uko mbali kiasi gani na kiwambo, na mfereji mzima una urefu wa karibu sentimita 2.5 tu. Kama unacho, tumia kamera kuangalia na utoe kijiko. Vifaa vya parafujo vya kuzungusha sina la kusema zaidi ya kuvitupa.

Kuna jambo moja ambalo lingepaswa kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Si kila sikio lililoziba lina nta. Usikivu ukipotea ghafla, ndani ya saa chache hadi siku tatu, bila maumivu, inaweza kuwa ni neva, na matibabu yake yanafaa zaidi yakianza mapema. Mtu anayetia matone wiki mbili akisubiri nta isiyokuwepo anapoteza muda huo. Jaribu kuguna kwa sauti nzito midomo ikiwa imefungwa. Sauti ikisikika zaidi upande ulioziba, inaelekea ni kizuizi, kama nta. Ikisikika zaidi upande mzima, usiguse matone, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hiki ni kidokezo tu, hakichukui nafasi ya daktari kuangalia, na usikivu uliopotea ghafla unahitaji kuangaliwa hata kama mguno umekuambia ni nta.

Kwa wale ambao nta huwarudia, wakiwemo wanaovaa vifaa vya kusaidia usikivu, matone 2 au 3 ya mafuta ya zeituni mara moja kwa wiki yanatosha kuizuia isikauke. Kifaa kivuliwe kwanza na kirudishwe mafuta yakishaisha tunduni. Kipira nacho kisafishwe kila baada ya kutumika: kijaze maji ya moto yenye sabuni, kamua, suuza mara tatu nne, kisha kiache kikauke ncha ikitazama chini. Ukungu huota ndani bila kuonekana. Siku kikikamuliwa na kutoa vipande vyeusi ambavyo havikutoka sikioni, kinunuliwe kingine.