Nimenunua gemu kwa hela yangu, nikaonekana mwizi

Gemu yenyewe sina ugomvi nayo. Ni tamu mno. Ugomvi wangu ni hilo kufuli lao watengenezaji, yaani programu ya kuzuia wizi waliyoifungia ndani.

Juzijuzi umeme ulikatika, na uliporudi ukaunguza mazabodi ya kompyuta yangu. Fundi akaniwekea nyingine. Picha zangu zipo, mafaili yapo, kila kitu kipo, isipokuwa gemu. Nikiifungua inaniambia nimemaliza idadi ya mashine ninazoruhusiwa. Mashine gani? Meza ileile, kioo kilekile! Kumbe hiyo programu ya ulinzi inatambua vifaa vya ndani. Ukibadilisha bodi, kwake wewe ni mtu mwingine kabisa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Siku zikapita, jibu likaja na swali moja: hizo kompyuta nyingine umempa nani? Hata pole hakuna! Nikatuma risiti, nikatuma picha ya bodi iliyoungua, jamaa bado ananihoji kama askari wa zamu. Na hapa mtaani vijana wanacheza gemu hiyohiyo iliyochakachuliwa, hakuna anayewauliza hata jina.

Sasa hapo kinacholindwa ni nini? Gemu ya The Secret of Monkey Island ya 1990 ilikuja na gurudumu la karatasi ngumu: unazungusha mpaka sura ya haramia ikae sawa na ile ya kwenye kioo, unasoma mwaka, unauandika, unaingia. Usumbufu, sikatai, lakini likishakukubali limekukubali, na halijali umebadilisha bodi au nyumba. Haya ya kuhesabiana mashine tuliyaona kwenye gemu ya Spore mwaka 2008. Walianza na mashine 3, wateja wakapiga kelele, wakaongeza hadi 5, na wezi wakainakili vilevile.

Nyota moja, na hiyo naitoa kwa shingo upande.

Haya, jana wamenifungulia. "Kwa hisani", wanasema, na ni mara hii tu. Nimecheza mpaka adhana ya alfajiri, na kwa ule utamu nikataka kuwapa nne. Nne! Kisha nikaisoma tena ile barua pepe. Mbili, na ya pili ni ya waliotunga muziki wake. Ukiitaka, angalia kwanza kama ipo GOG, duka la gemu la mtandaoni, wale huuza bila kufuli. Mimi nimeshafungwa huku, na fundi anasema diski nayo haina muda.