Bati lililong'olewa na upepo: kulirudishia au kununua jipya?

Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Tanzania Mei 2024, mjadala huu ulikuwa wa kweli kwa wengi.

Kurudishia bati la zamani ni rahisi mfukoni: unalinyoosha, unaziba matundu kwa silikoni au lami, unapigilia. Linafaa kama limepinda kidogo tu na halina kutu. Ila usipige msumari kwenye tundu lile lile. Limeshatanuka, na upepo ujao utaling'oa hapo hapo. Sogeza pembeni, upige kwenye mgongo wa bati, kwa msumari wenye raba.

Bati jipya ni ghali, na hapo ndipo watu hudanganyika na geji, yaani kipimo cha unene wa bati. Namba kubwa ndiyo bati jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30. Ukanda wa pwani wenye chumvi, mimi ningejibana ninunue 28.

Lakini kagua kwanza papi (mbao zinazopigiliwa bati) na kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa). Kama upepo uliondoka na bati pamoja na papi, tatizo si bati. Bati jipya juu ya mbao zilizooza ni hasara tupu. Afadhali la zamani juu ya papi mpya, zilizofungwa kwa waya kwenye kenchi.