Uzoefu wangu: likizo ya Mediterania bila wakala, nyumba moja Nice na treni ya pwani

Tangu turudi kutoka kusini mwa Ufaransa naulizwa maswali yaleyale: viza ilikuwaje, tulilala wapi, bahari ikoje, ilitugharimu nini. Naandika yote hapa kwa anayepanga safari kama hii. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe wangu, ambaye magoti yanamsumbua na hawezi ngazi ndefu. Jibu langu kwa ufupi: chagueni mji mmoja wenye stesheni, pangeni nyumba hapo, kisha kwingine kote mwende kwa treni na kurudi jioni. Sisi tulichagua Nice, na ningeichagua tena.

Mawakala tuliowauliza Dar walitupa ratiba zinazofanana: Barcelona, Nice, Roma, Venice, kila mji usiku mmoja au miwili. Kwenye karatasi inapendeza. Ukikaa ukapiga hesabu unaona sehemu kubwa ya likizo inaishia kwenye kufunga mabegi, kusubiri chumba kifunguliwe alasiri, na kulipia usafiri wa mji hadi mji. Kwa mtu wa umri wa mama, hayo ni mateso matupu. Ndiyo maana tuliamua kupanga wenyewe.

Nianze na treni, maana ndiyo iliyoibeba likizo yetu. Reli inatoka upande wa Marseille, inapita Cannes na Antibes, inafika Nice, halafu inashikana na bahari hadi Ventimiglia, mji wa kwanza ukiingia Italia. Treni za mkoa huitwa TER, na huko utaziona na nembo ya ZOU!. Baada ya Nice vituo vinafuatana kwa karibu: Villefranche-sur-Mer, Beaulieu, Èze-sur-Mer, Cap d'Ail, Monaco, Roquebrune, Menton. Nice hadi Menton ni kama dakika 40, na Villefranche ni dakika chache tu, hata hujamaliza kutafuta mahali pa kuweka mkoba. Nauli ya treni hizi haipandi kwa sababu umechelewa kununua, na hakuna kiti cha kuwekewa, kwa hiyo unaamka, unatazama anga, ndipo unaamua leo ni wapi. Nunua tiketi kabla ya kupanda. Kuna mashine stesheni, na kwenye simu pia inawezekana.

Ukienda upande wa Menton kaa kulia, ukienda upande wa Cannes kaa kushoto. Huko ndiko bahari iliko. Kati ya Nice na Menton treni huingia kwenye mahandaki na kutoka, na kila inapotoka unakuta ghuba nyingine chini yako, maji ya buluu iliyokolea na mashua zimetulia. Mama aliacha kabisa kuongea njia nzima, na mama si mtu wa kunyamaza. Kituo cha Monaco kimejengwa ndani ya mlima, kina lifti na ngazi za umeme, kwa hiyo hata mwenye magoti mabovu anatoka bila shida. Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, treni za kwenda Monaco hujaa wafanyakazi wanaoishi Nice, na jioni hujaa hivyohivyo zikirudi. Sisi tulikuwa tunaondoka baada ya saa tatu, tukawa tunapata viti. Kwenye msongamano mkoba uweke mbele ya kifua, wezi wa mifukoni wapo. Na Ufaransa migomo ya reli ni jambo la kawaida. Siku ya mgomo, ratiba ya treni zitakazotembea hutolewa jioni iliyotangulia, basi itazameni kabla ya kulala.

Msimu ulitupa mjadala mrefu nyumbani. Mume wangu alitaka Agosti kwa sababu ya ruhusa yake kazini. Nilimkatalia. Agosti ndiyo Wafaransa wenyewe wanashuka pwani, nyumba zinapanda bei na fukwe zinajaa. Mei nayo ina tamasha la filamu la Cannes, na mbio za magari za Monaco huangukia mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, na siku hizo bei ya kitanda inapaa katika ukanda wote. Septemba inatosha kwa kila kitu: joto la nchi kavu limepungua, lakini bahari bado imehifadhi joto la kiangazi, maji yako kama nyuzi 22 au 23. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa hayo ni baridi, nisiwafiche. Unaingia kwa kelele, baada ya muda mwili unazoea. Juni jua linazama baada ya saa tatu usiku, na anayependa siku ndefu atafurahi, ila maji yana baridi zaidi kuliko ya Septemba.

Sasa viza. Ufaransa imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na unaomba kwenye nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Kukaa mji mmoja kulirahisisha hata hilo, maana hatukuhitaji kueleza nchi tatu. Maombi hayapokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15 kabla. Kawaida uamuzi hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika 45, kwa hiyo usicheze na tarehe. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na walio chini ya hapo hawalipi. Ukikataliwa hairudi. Pasi iwe na angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen, iwe na kurasa mbili tupu, na isiwe imetolewa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Bima ya safari ifidie matibabu ya angalau euro 30,000. Sisi wafanyakazi tulipeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na barua ya ruhusa. Kwa mama, ambaye hana ajira, mume wangu aliandika barua ya kumgharamia, akaambatanisha cheti chake cha kuzaliwa kuonyesha kwamba ni mama yake mzazi, pamoja na taarifa zake za benki. Mama pia alikuwa na hati ya nyumba yake ya Pangani, tukaiweka. Mtu mwenye cha kumrudisha nyumbani akionyeshe.

Tiketi ya ndege msilipie mpaka viza iwe mkononi, au chukueni ile inayorudisha pesa. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Nice. Unaweza kupitia Istanbul, Dubai au Paris. Linganisheni saa za kusubiri uwanjani kabla ya kulinganisha bei, hasa mkiwa na mzee, na ombeni kiti cha magurudumu mapema. Ni bure, na mhudumu anawapitisha kwenye mistari haraka. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kuandikisha wageni kwa picha na alama za vidole badala ya muhuri, kwa hiyo anayebadilisha ndege Paris ajipe muda wa kutosha.

Kutoka uwanja wa ndege wa Nice, tramu namba 2 inakuingiza mjini hadi bandarini. Tulipanga fleti ndogo katikati ya stesheni na bahari, na hapo ndipo nilipokaza uzi kuliko popote: lazima iwe na lifti. Mji wa kale, Vieux Nice, ni mzuri sana kwa macho, vichochoro vyembamba na kuta za rangi ya manjano na chungwa, lakini nyumba zake nyingi ni za ngazi nyembamba za mawe. Mwenye nyumba mmoja alituandikia kwamba ghorofa ni ya pili. Picha ya dirisha lake ilikuwa inatazama mapaa ya majirani. Tukaachana naye. Ulizeni pia kama kuna kiyoyozi, na kumbukeni kodi ya watalii, hutozwa kwa kila mtu mzima kwa kila usiku na wakati mwingine haionekani kwenye bei ya kwanza.

Kuhusu bahari yenyewe, nina mengi. Ufukwe wa Nice si mchanga, ni mawe laini ya mviringo, makubwa kama viazi. Bila viatu vya mpira vya kuogelea utatembea kama mtu aliyekanyaga makaa. Maji yanaingia kina ghafla, hatua chache tu kutoka ukingoni miguu haigusi chini, kwa hiyo asiyejua kuogelea asithubutu, na watoto wasiachwe hata kidogo. Kilichomshangaza mama zaidi ni jambo ambalo mzungu hawezi hata kuliona. Siku ya pili alikaa ufukweni asubuhi, tukarudi naye jioni, akasimama akitazama ukingo wa maji.

"Mwanangu, bahari hii haipwi?"

Kweli, haipwi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa pale ni ndogo mno, haifiki hata nusu mita. Kwetu wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu mita nne, na kila kitu pwani, kuanzia wavuvi hadi akina mama wa mwani, hufuata saa ya maji. Pale unaweza kuoga saa yoyote. Maji yake pia yana chumvi nyingi kuliko Bahari ya Hindi, na mwili unaelea kwa urahisi. Mama, aliyekuwa na hofu ya magoti, alielea chali akicheka kama binti. Chunguzeni tu yavuyavu wa zambarau, siku nyingine huletwa na mkondo na wanachoma. Waokoaji wa ufukweni wanajua, waulizeni kabla ya kuingia.

Ufukwe wa bure upo kila mahali. Vitanda vya kukodi na miavuli vina bei kubwa, na kipande kimoja cha ufukwe wa kulipia tulichojaribu kilitutoza hata kiti cha ziada cha mama bila kutuambia mwanzoni. Hatukurudi. Tulihamia Villefranche, ufukwe wa Marinières, uliopo chini kabisa ya stesheni. Mchanga wake ni wa chengachenga, maji yametulia kwa sababu ni ndani ya ghuba, na kina kinaongezeka polepole kuliko Nice. Nendeni mapema, maana jioni jua hujificha nyuma ya mlima kabla ya wakati.

Chakula kinaweza kula pesa kuliko nyumba mkikaa kwenye migahawa ya barabara ya bahari. Asubuhi tulikwenda soko la Cours Saleya kununua nyanya, matunda, jibini na zeituni, tukala nyumbani. Soko la vyakula halipo Jumatatu, siku hiyo wanauza vitu vya kale. Mchana tulibeba pan bagnat, mkate wa duara wenye jodari, yai, mboga na mafuta ya zeituni, mmoja unawashibisha wawili. Na kuna socca, chapati nyembamba ya unga wa dengu inayookwa kwenye sinia kubwa ndani ya tanuri la kuni, inaliwa ya moto na pilipili manga. Mtu aliyekulia bajia za Zanzibar atajisikia nyumbani papo hapo. Wasiokula nguruwe waulize kila kitu, lakini Nice ina watu wengi wenye asili ya Tunisia na Algeria, na bucha za halali si shida kupata. Mgahawani mnaweza kuomba jagi la maji ya bomba, mnapewa bure kwa mujibu wa sheria.

Menton niliipenda kuliko Monaco. Ni mji wa malimau, una sherehe yake kila Februari, na watu wake hawana haraka. Kutoka hapo Ventimiglia ni kituo kinachofuata baada ya Menton-Garavan, na Ijumaa kuna soko kubwa linalovuta watu kutoka Ufaransa. Viza ya Schengen inatosha, lakini bebeni pasi halisi, si nakala. Tangu 2015 treni zinazotoka Italia hukaguliwa na polisi upande wa Ufaransa, na picha ya pasi kwenye simu haitakusaidia. Ventimiglia ndiko wanakokwama vijana wengi kutoka Sudan na Eritrea wanaotafuta njia ya kuvuka. Tuliwaona wamekaa kivulini karibu na stesheni, na mama aligawa matunda yote tuliyokuwa tumenunua. Kwa saa kadhaa baada ya hapo hatukuwa na hamu ya kupiga picha.

Kama mna watoto wadogo, pangeni nyumba Antibes badala ya Nice. Treni ni ileile, na ufukwe wa La Gravette uko chini ya kuta za mji wa kale, una mchanga, na maji yake yamekingwa dhidi ya mawimbi.